Dawa ya Kutokufa Niliyoila Norsborg

Zebaki nimeishika kwa mikono hii, bila glavu, nikiwa kijana wa machimbo kule Geita, na mpaka leo mikono yangu haitetemeki. Nikikupa kikombe cha chai kilichojaa pomoni, kitakufikia kimejaa pomoni. Naanza na hilo ili anayesoma ajue kwamba mimi sikusimuliwa. Hapa Stockholm kila mtu anazo habari za dawa za ajabu, kaziona kwenye simu. Mimi nilikuwa nazo kwenye karai.

Shule niliishia darasa la saba, na hata hilo la saba nilikuwa nalihudhuria kwa kuvizia. Machimboni ndiko nilikosoma. Tulisaga mawe, tukaosha unga wake, tukamimina zebaki kwenye karai na kukoroga kwa mkono. Ni kitu cha ajabu. Kinatiririka kama maji lakini hakilowanishi. Unatia kidole, kidole kinatoka kikavu. Kikikutana na dhahabu kinaikumbatia. Unakikamua kwenye kitambaa, unabaki na kidonge cha kijivu, unakichoma juu ya mkaa, moshi unapanda, na dhahabu inabaki chini kama punje ya mahindi iliyoungua. Pale kambini hakuna aliyeiita zebaki. Tuliiita dawa. Lete dawa, dawa imekwisha, nani kamwaga dawa. Mchomaji wetu, mtu mzima mwenye heshima zake, alikuwa ananyweshwa chai na mkewe kwa sababu mikono yake ilimwaga kila kitu. Tukasema ni gongo. Yule bwana hakuwahi kuonja gongo maishani mwake.

Nilitoka kule, nikafika Sweden kwa mzunguko ambao sina haja ya kuueleza hapa, nikaanza kwa kupiga deki ngazi za watu. Leo nina kampuni. Magari yangu utayakuta asubuhi na mapema nje ya maofisi ambayo wewe ukienda kuomba kazi hupiti mapokezi. Nina Wakongo, nina Warundi, nina Watanzania wenzangu, wote wanakula kwa jasho lao chini ya jina langu. Nikiingia dukani Rinkeby, mwenye duka ananitolea kiti. Wapo wanaosema najisifu. Nijisifu vipi na kitu kipo?

Binti yangu amezaliwa hapahapa. Nikimsemesha kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiswidi, na tunaelewana vizuri kuliko watu wengi wanaosema lugha moja. Yuko chuo kikuu, anasoma historia ya China ya kale. Wenzangu waliniuliza itamsaidia nini. Niliwajibu kwamba nimepiga deki maisha yangu yote ili mtoto wangu asome kitu kisichomsaidia mtu, akitaka.

Siku moja tunakula, nikamsimulia habari za karai na moshi. Akaacha uma hewani. Akaniambia, wafalme wa China walikuwa wanaimeza hiyo. Nikamwambia acha utani. Akasema hatanii: wafalme walikuwa na mafundi wao palepale kwenye kasri, watu wa kupewa nyumba na hariri, kazi yao kupika zebaki na dhahabu na mawe mekundu ili mfalme asife. Fikra yao ilikuwa kwamba dhahabu haiozi, kwa hiyo anayekula dhahabu hataoza. Wako wafalme wa ukoo mmoja mkubwa waliokufa kwa dawa hiyo, baba kafa nayo, na wajukuu wakaja wakaifuata ileile.

Yule mfalme wa kwanza kabisa, aliyeiunganisha China yote, alituma watu baharini wakatafute visiwa vya watu wasiokufa. Mafundi wake waliporudi mikono mitupu walimwambia njia imezibwa na samaki wakubwa. Mfalme akachukua upinde akaenda kuwapiga samaki. Akafa safarini. Mawaziri wakaogopa kutangaza, wakaendelea kumpelekea chakula garini kana kwamba yu hai, na maiti ilipoanza kunuka, wakapanga magari ya samaki waliokaushwa pembeni yake ili harufu ipotee ndani ya harufu.

"Kama ng'onda," nikamwambia.

"Kama dukani Rinkeby," akasema yeye, kwa Kiswidi, na tukacheka mpaka mama yake akatuuliza tunamcheka nani.

Tangu siku hiyo nikawa mwanafunzi. Nikiendesha ile mashine ya kusugua sakafu, masikioni naweka vipindi anavyonichagulia, wafalme mmoja baada ya mwingine, wote wanaogopa jambo moja. Nilikuwa nasugua korido za watu huku nikiwahukumu.

Sasa niseme habari ya shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, kwa sababu bila yeye haya yote yangebaki maneno ya korido.

Shemeji alikuwa dereva wa basi, yale marefu yenye kiungo katikati. Kwetu sisi ndiye aliyeanza kuvaa sare hapa mjini. Aliipenda kazi ile kuliko nilivyowahi kumwona mtu anapenda kazi. Kona ya barafu anaikata taratibu, bibi wa Kiswidi nyuma hata kahawa yake haitikisiki. Kisha sukari ikampata, vidonge vikashindwa, wakamwanzishia sindano za insulini, na mpaka daktari aridhike hali imetulia wakamwondoa kwenye usukani. Wakampa kazi ya kuosha mabasi gereji. Mtu aliyekuwa akiendesha, sasa anafuta vumbi kwenye kiti alichokalia jana. Hakulalamika. Na huyo ni mtu ambaye huwa hanyamazi.

Ndipo akatokea yule tuliyemwita mtaalamu. Ni mwenzetu, alikuja zamani kwa masomo, anaongea vizuri, suti imemkaa. Alikodi ukumbi Hässelby Jumamosi moja, akaweka picha ukutani: milima yenye ukungu, mzee wa Kichina mwenye ndevu nyeupe, kopo jekundu lenye maandishi ya dhahabu. Akasema hii ni siri ya kasri la wafalme wa China, imefichwa karne nyingi, sasa imefika kwetu. Presha inashuka, sukari inakimbia, mwili unarudi ujana. Akasema, "Na sindano, ndugu zangu, mnaziaga." Nilimtazama shemeji. Alikuwa ameinama mbele, viwiko magotini, kama abiria anayekaribia kituo chake.

Mimi nikasimama. Sikuomba ruhusa. Nikawaambia, hizo siri za kasri mimi ninazijua, ngojeni niwape. Nikawapa mafundi wa wafalme, nikawapa zebaki, nikawapa visiwa na samaki na upinde. Nilipofika kwenye maiti na magari ya ng'onda ukumbi mzima ulikuwa unacheka, na nikajua nimewashika. Nikamaliza: wafalme wote hawa walikunywa dawa ya kutokufa, na wote wakafa.

Mama mmoja wa Kikongo, amefunga kitambaa kizuri cha kijani, akainua mkono akasema kwa huruma kabisa, "Ni dozi tu walikosea, papa. Walizidisha."

Ukumbi ukamwitikia. Kweli, dozi. Mwingine akauliza kama wafalme walikuwa wanaitumia kabla ya chakula au baada. Mtaalamu akatabasamu, akanishukuru kwa kuwathibitishia ndugu zetu kwamba dawa ni ya kale na ilikuwa ya wafalme. Zamani, akasema, waliweka madini kwa kutojua, sasa ni uyoga na mizizi peke yake. Watu wakapanga foleni. Kosa langu ni neno. Kwa Kiswahili ukishakiita kitu dawa, umeshakisifia. Ya meno ni dawa, ya viatu ni dawa, ya kuua panya ni dawa. Ningewaambia walikunywa sumu, pengine wangenisikia.

Nje ya ukumbi shemeji alinikuta kwenye gari, kashika makopo yake mekundu kwenye mfuko.

"Shemeji, umeniaibisha," akasema. "Wewe una afya. Una magari. Mimi nataka basi langu tu. Hilo nalo unaliona kubwa?"

Nilikuwa na jibu. Nina majibu siku zote. Siku ile sikulitoa, nikawasha gari.

Akaacha sindano. Hakumwambia mtu, lakini mke wangu ana macho. Alikuwa akienda Norsborg, anakoishi kaka yake, kila alipopata nafasi, anarudi na habari. Kaka yake anakunywa maji kama ardhi ya kiangazi. Mkanda amesogeza tundu. Akisoma ujumbe anasogeza simu mbali, kisha karibu, kisha anampa mtu amsomee. Kwenye friji, pembeni ya siagi, kalamu za insulini zimelala na maboksi yake hayajafunguliwa. Mke wangu akamuuliza, akajibiwa kwamba mtaalamu kaeleza yote: kiu ni sumu inatoka, kukonda ni sukari inaondoka, macho kuwa na ukungu ni mwili unajipanga upya. Mbaya ikitokea ndiyo dalili ya nzuri.

Nikampigia binti yangu. Akasema mafundi wa wafalme walisema hivyohivyo. Mfalme akiwashwa mwili, akivimba, akikasirika ovyo, waliandika kwamba dawa imeanza kufanya kazi, aongezewe. Akataka nijue pia kwamba wapo Wachina wenyewe waliopinga, wasomi na mawaziri, na mmoja alimwandikia mfalme kwamba wanaoleta dawa hizi wazile wao kwanza mwaka mzima tuone. Nikamuuliza ikawaje. Akasema yule waziri alifukuzwa cheo.

Nilichokasirikia zaidi ni kile cha hospitali. Mke wangu alimsindikiza kaka yake kwa nesi wa kisukari. Nesi akapima, akakunja uso, akauliza kama anatumia dawa. Shemeji akajibu ndiyo, kila asubuhi na kila jioni, haachi. Na kwa roho yake hakudanganya. Aliulizwa dawa, akajibu dawa. Nesi akaamini, akasema basi itabidi kipimo cha sindano kiongezwe. Mke wangu alitaka kusema, kaka yake akamtazama kama walivyotazamana utotoni, mkubwa kwa mdogo, na akanyamaza. Alipofika nyumbani alikaa na koti lake mwilini, akasema, "Baba watoto, kaka yangu anakufa huku anasema ndiyo."

Mimi si mtu wa kukaa nikaangalia. Mgodi ulishanifukia kiunoni nikatoka. Nikasema Jumapili naenda.

Binti akaja nami, na mama yake. Njiani, garini, binti akanisimulia kisa ambacho hakikuwa kwenye vipindi vyangu. Mfalme mmoja aliletewa dawa ya kutokufa. Mletaji anapita nayo mlangoni, mlinzi akamuuliza: hii inalika? Akajibiwa: inalika. Mlinzi akaipokonya akaila yote. Mfalme kwa hasira akaamuru auawe. Mlinzi akasema, mimi niliuliza nikaambiwa inalika, kosa langu liko wapi? Halafu hii ni dawa ya kutokufa. Mkiniua, mtakuwa mmeonyesha kwamba ni dawa ya kufa, na mfalme ametapeliwa. Mfalme akamwachia.

Nikamwambia arudie. Akarudia. Mama yake akaniangalia kwenye kioo, akasema kwa sauti ya chini nisifanye ujinga. Nilikuwa tayari nimeshaamua.

Shemeji alitupokea vizuri. Alikuwa amekwisha. Shingo ndani ya kola ilikuwa inacheza. Akatupikia chai, akaweka jagi la maji mbele yake mwenyewe, akaanza kusifia jinsi anavyojisikia mwepesi. Kopo jekundu lilikuwa pale mezani, limefunguliwa juzi, karibu limejaa. Nikalichukua.

"Shemeji," nikamuuliza, "hii inalika?"

"Inalika," akasema. "Na wewe ungekula, kiburi chako kingepungua."

Nikamimina vidonge kiganjani, nikavitia mdomoni, nikashushia na chai. Nikamimina tena. Ladha yake ni ya kabati lililofungwa muda mrefu. Mwanzoni alicheka, akidhani natania. Nilipofika nusu ya kopo alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Acha, shemeji. Ni viwili kwa siku. Acha."

Nikaendelea. Mke wangu alikuwa analitaja jina la Mungu. Shemeji akanishika mkono, na mkono wake haukuwa na nguvu hata ya kunivua saa.

"Utakufa," akasema.

"Nitakufaje? Si ya kutokufa?"

"Hujui imewekwa nini humo."

Akasikia alichokisema. Binti yangu alikuwa mlangoni, na yule mtoto anayenijibu kwa Kiswidi tangu aanze kuongea, akasema kwa Kiswahili, polepole, "Mjomba, na wewe unajua imewekwa nini?"

Shemeji akakaa kwenye kiti cha mke wangu kwa kuwa chake kilikuwa chini. Akasema nipelekwe hospitali, sasa hivi, mke wangu apige simu. Nikamwambia siendi. Nikamwambia tumbo limeanza kunguruma kama mashine ya zege na siondoki hapa mpaka yeye apime sukari yake mbele yangu, na hospitali tutaingia wote wawili au haingii mtu. Akaniita mwendawazimu. Nikamwambia ni kweli, na mwendawazimu huyu amekula kopo zima, kwa hiyo awahi.

Binti akaleta kimashine cha kupimia, kilikuwa nyuma ya sukari ya chai, mtu angedhani kimefichwa kwa makusudi. Shemeji akajitoboa kidole. Tukasubiri. Kimashine hakikuandika namba. Kiliandika tu kwamba sukari imepita uwezo wake wa kupima.

Alikitazama muda mrefu, anakisogeza mbali na karibu. Kisha akamwuliza mdogo wake, "Imeandika nini?" Mke wangu akamsomea.

Hakusema tena neno juu ya mtaalamu. Alivaa koti. Mke wangu aliendesha, mimi nimejikunja nyuma, na shemeji kiti cha mbele, na hata katika hali ile alimwelekeza dada yake abadilishe njia mapema kabla ya kutoka barabara kuu, kwamba watu wengi hapo wanachelewa.

Kuhusu mimi sina la kuficha. Waliniweka chumba cha pembeni, wakanichukua damu, wakaniuliza nilikula nini na kwa nini, na maelezo yangu yalimfanya daktari kijana aandike, afute, aandike tena. Nilikaa chooni muda ambao sitautaja. Waliniangalia mpaka kesho yake, wakaniambia nina bahati, uyoga ule haukuwa na madhara makubwa, ila nisirudie. Niliwaambia nimeshika vitu vibaya kuliko huo. Mikono yangu niliwanyooshea waione. Haikutetemeka.

Yeye walimlaza. Walimtundikia maji, wakamrudishia insulini kidogo kidogo kupitia mshipani. Daktari alimweleza mke wangu kwamba wiki nyingine moja ya namna ile, mazungumzo yangekuwa tofauti. Mke wangu hajaniambia asante mpaka leo. Ananipa nyama ya kwanza kwenye sinia, na hilo natosheka nalo.

Watu wanasema nilifanya mchezo. Mtaalamu ametangaza kwamba niliwahi kula kopo zima na niko hai, na kwamba huo ni ushahidi. Aseme. Binti yangu hakushangaa. Alisema mafundi wa wafalme hawakuwahi kukosa la kusema, mfalme akifa walisema ameacha mwili tu. Mimi sitaki kuacha mwili tu. Mimi nikifa nitakuwa nimekufa kabisa, watu wapike, wale, wanizungumzie vibaya kidogo, waendelee. Kuishi milele na kampuni ya usafi ni adhabu ambayo sijaistahili. Lakini kufa kabla ya zamu yangu, kwa kopo lenye maandishi mazuri, hapana, wala mtu wa nyumbani kwangu hatakufa hivyo nikiwa na meno ya kutafuna.

Nilikwenda wodini kabla hawajamruhusu. Alikuwa amekaa kitandani, uso umeanza kurudi. Nesi alikuwa amemwachia kalamu ya insulini aanze mwenyewe tena. Aliponiona aliivuta meza kidogo, kama mtu anayezuia njia.

"Usidhani umenishinda," akasema.

"Sijadhani."

"Mimi nataka basi langu. Nachoma kwa ajili ya basi. Si kwa ajili yako."

"Sawa, shemeji."

"Na ukinisimulia tena mfalme yeyote, nitakufukuza kwangu mbele ya watoto."

Nikamwambia achome. Akainua shati, akashika mkunjo wa ngozi tumboni, akanitazama machoni wakati wote, na akachoma.